Fundi wa Fren na Gari Iliyoitwa

Ukifika kwake na gari inayougua, hakukuuliza ugonjwa. Alikuambia: "Niimbie." Na weye unayejiona mukubwa, uko na kravate, uko na saa ya mkono, unasimama pale kando ya barabara ya Mulongwe, mbele ya wauza maandazi, unaigiza sauti ya gari yako. Nimeona pasta mzima akilia kwi-kwi-kwi kama kifaranga. Nimeona komanda mmoja akifanya grrr-tap, grrr-tap, na walinzi wake wakageuka kuangalia ziwa ili wasicheke.

Fundi alikuwa anafunga macho, kichwa pembeni.

"Tena. Iko inaimba hivyo ukipanda ao ukishuka?"

"Nikishuka."

"Basi imba ya kushuka. Hiyo uliimba ni ya kupanda."

Kisha anaingia chini ya gari, na ugonjwa anautaja akiwa bado hajagusa kitu. Alikosea mara chache. Watu walikuwa wanatoka Makobola, wanatoka mpaka Bwegera, wanaacha mafundi kumi njiani, wanakuja kumwimbia yeye. Kazi yake kubwa ilikuwa fren, breki kama wanavyosema watu wa upande wa Kigoma. Tulimuita Fundi wa Fren, kisha Fundi tu.

Sitataja jina lake. Humu nitataja majina ya watu wachache, na kila ninayemtaja ana kosa, nataka ajulikane. Wasio na kosa nawaacha wapite bila jina. Yeye nimemuacha bila jina kwa sababu miaka yote hii sijajua nimuweke upande gani. Minye nilifika darasa la ine tu, lakini jambo la nani alifanya nini silisahau.

Mwaka huu nilimfikiria kuliko miaka yote, sababu ya gari.

Minye ni muuza ndagala, dagaa wa ziwa hili. Nanunua Makobola, naleta Uvira. Tuko wamama sita wa kazi hiyo, na kila asubuhi tunaomba nafasi kwenye gari za watu, tunatukanwa sababu ya harufu, tunawekwa nyuma na vifuko vyetu. Shamba la marehemu baba kule Kiringye nikaliuza ili ninunue gari yetu, na kijana wangu mkubwa aiendeshe. Ana leseni, ana mandevu, ana miaka anangojea kazi. Shamba likaenda. Ikabaki kuchagua gari.

Hapo akaingia Bosco. Bosco wa Kavimvira, muuzaji wa magari yanayoshuka Dar na kupita Bujumbura. Namtaja. Alituletea minivan nyeupe, ya watu wanane, volan, usukani wake, upande wa kuume kama zote za Japani, na pazia ndogo kwenye vioo vya nyuma. Ndani ilikuwa na harufu ya nyumba ya watu wengine, sabuni yao, chakula chao. Kijana wangu alikaa mbele, akashika volan kwa mikono miwili, kama yuko kanisani. Nikajua gari imekwisha kununuliwa kichwani mwake.

Lakini yeye ni mutoto wa siku hizi. Aliandika namba ya shasi kwenye telefone, akasoma, akasoma tena, akasema: "Mama, gari hii iko na rappel. Na rappel yenyewe haijafanywa."

Bosco akacheka, akanipiga begani.

"Mama, weye si ulizaa? Haujui rappel?"

"Najua rappel."

"Ni nini?"

"Mutoto anachanjwa. Kisha anarudia, anapewa rappel."

"Basi! Gari imechanjwa kule kwao. Inabaki ya pili. Gari ambayo haikuchanjwa hata kidogo, rappel itaitoa wapi? Ingine zote hapa Uvira haziko na chanjo!"

Nikaona amesema kweli. Kadi za watoto wangu wote ziko na neno hilo, muuguzi aliliandika kwa wino mwekundu, na minye nililijifunza hapo, sikulijifunza shule.

"Mama, hiyo ni kitu ingine," kijana akasema.

"Weye umezaa wangapi?" nikamuuliza.

Akarudisha telefone mfukoni. Bosco akatupa siku mpaka Jumamosi. Nikaenda nyumbani nimefurahi, nikawaambia wamama wenzangu gari yetu imechanjwa, nao wakapiga vigelegele. Naandika haya na uso unawaka.

Jioni hiyo hiyo kitu kikanisumbua, nikampigia Fundi telefone. Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia Bwegera kwa binti yake, macho yameanza kumwacha.

"Fundi, gari iko na rappel."

"Inaitwa."

"Inaitwa nini?"

"Haina jina. Inaitwa. Wenye kuitengeneza wanaiita irudi, waliona kosa lao ndani."

"Irudi wapi?"

"Kwao. Japani."

Tulicheka, yeye Bwegera, minye Uvira, mpaka nikakaa chini. Gari inaitwa Japani! Ipitie barabara gani? Lakini telefone ilipokatika nikakumbuka kwamba sisi, muntu akifa, tunasema ameitwa. Kicheko kikaniishia. Nikamuita kijana, nikamwambia anisomee yote, neno kwa neno, bila kuruka.

Ilikuwa hivi. Katikati ya volan mule ndani mna mfuko. Gari ikigonga, mfuko unafura kwa hewa na kumkinga shofere kifuani. Kwenye gari za mwaka ule, chombo kinachofurisha mfuko kinaweza kupasuka, na chuma chake kinatoka pamoja na hewa. Kinaenda usoni, kinaenda shingoni. Wanatengeneza bure, anasoma kijana, peleka gari kwa wakala wa karibu. Wakala wa karibu hayuko. Hata Bujumbura nilituma muntu aulize, wakamwambia chombo hicho hawajawahi kukiona.

Kwa hiyo ni shofere. Abiria wanaweza kupona, wamama na ndagala zao wanaweza kupona. Ni yule wa volan. Ni mutoto wangu.

Juma lile sikukaa kitako. Kila siku niliamua mara mbili: asubuhi nanunua, saa kumi sinunui. Nilianika nguo nikazianua mbichi. Nilitoka kwenda Kalundu bila sababu, nikarudi. Na kila nilipotembea nilikuwa naongea na Fundi kichwani, na kichwani alinijibu kwa namna zake zote, nzuri na mbaya.

Nzuri zake ni hizi. Chombo alichokitoa kwenye gari yako hakukitupa. Alikisafisha, anakufungia kwenye karatasi ya mfuko wa simenti, anakupa: "Chukua mufu wako." Ukikataa, anakufuata. Alitaka uone mwenyewe kilichokuwa kinakuua. Kuna nyumba Uvira hadi leo ziko na vyuma vyake juu ya kabati, karibu na picha za harusi.

Mikono aliosha kwa mchanga wa mto na sabuni ya unga, mara tatu, kabla ya kugusa mkate. Jumapili alivaa shati jeupe, na hata alama moja ya mafuta haikuwako.

Na huyu muntu aliyeponya fren za mji mzima hakupanda gari. Alitembea. Mulongwe mpaka Kalundu kwa miguu, jua ama mvua, na magari aliyotengeneza yakimpita na kupiga honi, "Fundi, panda!" anainua mkono, anaendelea. Ukimuuliza anasema, "Minye naona zikiwa wazi. Weye unaona zikiwa zimefungwa." Sista mmoja wa parokia alimkuta anatembea kwenda mazishi ya mbali, akasimamisha gari, akamwamuru apande. Akapanda. Akashika mlango kwa mikono yote miwili mpaka wakafika. Hakujua kumwambia sista hapana.

Hapo ndipo iko mbaya yake, na nimeichelewesha kwa makusudi. Fundi hakujua kukataa. Ukimletea gari iliyokwisha, ukamwambia sina chombo kipya, kesho niko na safari, alikukemea, alikuita muuaji mbele ya watu, alitupa funguo chini. Kisha aliinama, akaokota funguo, akakufungia kamba, akakuzibia, akakunyooshea. Na neno lake la kumaliza lilikuwa moja: "Itafika."

Hakusema imepona. Itafika.

Sasa nataja. Mwenye gari alikuwa Sadiki wa Kalundu. Taksi-bisi yake, ile ya kwenda njia ya Fizi, bomba la mpira la kupeleka mafuta ya fren kwenye tairi moja ya nyuma lilioza. Fundi akamwambia nunua lingine. Sadiki akasema atanunua, lakini siku ile mutoto wake anaoa, gari inabeba wageni. Fundi akamtukana. Kisha akaziba tundu kwa bulo ndogo, bolti, gari ikabaki na fren za tairi tatu. "Mpaka harusi iishe," akamwambia, "itafika." Harusi ikaisha. Sadiki hakurudi. Kiangazi chote gari ilitembea hivyo.

Shofere alikuwa Feruzi. Amekufa, lakini kufa hakumfutii kosa: alijua pedali inazama mpaka chini, akaendelea kuweka watu watatu kiti cha mbele. Polisi wa rulaje, yule wa barabarani, kwenye bariere alikuwa Mateso. Gari ile aliisimamisha kila asubuhi, akaangalia mkono wa shofere, tairi hakuziangalia hata siku moja.

Tuliposhuka mteremko karibu na Makobola fren hazikushika; minye na mdogo wangu wa kike tulikuwa kiti kimoja, yeye dirishani. Nitasema kifupi. Yeye alibaki pale. Minye mguu huu wa kushoto haukurudi kuwa mguu.

Sadiki alinitumia kreti ya fanta hospitali. Mateso akapewa kituo kikubwa kuliko kile. Siku ya tatu akaja Fundi, kwa miguu, na shati la Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Akaweka karatasi ya simenti juu ya shuka langu.

"Hii nini?"

"Bulo niliyozibia. Niliitafuta kwenye gari, nikaitoa."

"Unaniletea nifanye nayo nini?"

"Ni minye niliiweka. Nilitaka usikie kwangu."

Nikamtupia usoni. Ilimpiga juu ya jicho, damu ikashuka kwenye shati lile. Akainama, akaiokota, akaiweka tena juu ya shuka, akakaa kwenye benchi mpaka muuguzi akamfukuza. Bulo sijui iliishia wapi, nafikiri waliifagia.

Mtaniuliza kwa nini nikaendelea kwenda kwake. Watu wa nyumbani waliniuliza hivyo hivyo, na kwa ukali. Nilikwenda kwa sababu kati ya wote walioniua, huyu peke yake ukimuuliza anajibu. Nilikaa kwenye tairi lake la zamani, naye yuko chini ya gari, naona miguu tu, nikauliza swali langu: "Kwa nini haukukataa?" Nimemuuliza mara nyingi sana. Mara alisema, Sadiki alikuwa na harusi. Mara alisema, Feruzi alikuwa muntu wa kuendesha polepole. Mara alikasirika, akaniambia niende nimuulize Sadiki. Siku moja, mvua inanyesha na hakuna mteja, alijibu kutoka chini ya gari kwa sauti ndogo: "Sijui wanakataa namna gani." Nilidhani ananichezea.

Siku ya Ijumaa nikamwambia Bosco: nitanunua, lakini kwanza twende Bwegera, Fundi aione. Bosco hakatai safari ikiwa na mteja mwisho wake. Tukapanda na kijana wangu. Kiti cha mbele nilikaa minye, kijana nikamuweka nyuma, na njia nzima niliangalia katikati ya volan kama muntu anayeangalia nyoka anayelala. Gari yenyewe ilikwenda vizuri! Hiyo ndiyo iliniuma. Ilikwenda kama maji.

Tulimkuta kando ya barabara, amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya turubai ya mpunga unaokauka, na fimbo ya kufukuzia kuku. Macho meupe. Alinijua kwa mwendo.

"Mama Ndagala. Mguu unaburuta kuliko mwaka jana."

"Na weye unafukuza kuku gani, wako kwenye mpunga wanakula."

"Hao nimewaruhusu."

Bosco akamvuta mkono mpaka garini. "Muzee, unaiona? Nyeupe, safi!"

"Naona kama nguo imeanikwa."

Akaingia, akakaa kwa shofere. Mikono ikapanda juu ya volan, ikazunguka, vidole vikaja katikati, vikagonga pole pole. Akaweka sikio.

"Iko humu," akasema. "Hii haiimbi. Ingekuwa inaimba, mungeijua."

"Basi tufanye nini?" nikamuuliza. "Shamba la baba nimeliuza, Fundi. Wamama wananingojea. Niambie."

Hakufikiri hata kidogo. "Naweza kuitoa."

Bosco akapiga makofi. "Si nilisema! Huyu ni fundi!"

"Natoa betri, nangoja. Kuna bulo nyuma ya volan, nazijua kwa vidole. Natoa mfuko wote, nafunga. Taa nyekundu itawaka hapa mbele kila siku, tunabandika utepe wa skoch juu yake, haitamsumbua muntu."

"Na ikipasuka mikononi mwako?"

"Nitawaambia musimame nyuma ya nyumba."

Kijana wangu akaniangalia. Uso wake, Mungu wangu. Kichwani alikuwa amekwisha kuiendesha mpaka Makobola na kurudi mara mia. Na minye mwenyewe nilisikia neno ndiyo limesimama mdomoni. Nikauliza moja tu:

"Ukiitoa, gari itakuwa imepona?"

Mikono yake ilikuwa imeanza kutafuta, nyuma ya volan.

"Itafika," akasema.

"Hapana, Fundi."

Mikono ikasimama.

"Ningeitoa."

"Najua."

"Kwa ajili yako ningeitoa vizuri."

"Najua. Hapana."

Bosco akaanza. Mama, unajua nimechoma mafuta kiasi gani. Mama, uzee umekuharibu kichwa, unasikiliza kipofu. Kuna pasta wa Kasenga ananiomba gari hii tangu juzi. Nikamwambia amwambie pasta kuhusu rappel. Akasema atamwambia imechanjwa. Akamshusha Fundi kwa kumshika kwapa, akageuza gari, akatuacha barabarani na vumbi. Nilimpigia pasta yule baadaye, naye akaniambia amekwisha kuiombea gari, akakata telefone. Namuacha bila jina, kwa sasa.

Tukabaki watatu kando ya turubai. Kijana wangu alikwenda akasimama mbali, mgongo kwetu. Fundi alirudi kwenye kiti chake.

"Weye unakataa namna gani?" akaniuliza. Hakuwa anachezea. Aliuliza kama muntu anauliza namna ya kupika sombe.

"Nasema hapana. Kisha nanyamaza."

"Kunyamaza njo kunanishinda."

"Ni hapo akina Sadiki wanapopita."

Akajaribu. Midomo ilitembea, sauti ikatoka ndogo: "Hapana." Akangoja kidogo, kisha akaongeza, "lakini tuone," akacheka mwenyewe, na macho yake meupe yakajaa maji. Sikumcheka. Wala sikumfuta machozi.

Taksi-bisi ya kwenda Uvira ikatokea, imeinama upande mmoja. Ikasimama, konda akapiga bati. Fundi akainuka na fimbo yake, akaenda mbele ya gari, akamwambia shofere: "Kanyaga fren, nisikie."

"Muzee, toka barabarani!"

"Mara moja tu."

"Mama, unapanda ao unabaki? Nafasi iko mbili."

Shofere hakukanyaga. Akapiga honi usoni mwa Fundi, watu ndani wakacheka, naye akasogea kando. Akageuza kichwa upande nilipokuwa.

"Sikusikia kitu," akaniambia.

Gari ilikuwa inaondoka. Kijana wangu alikuwa amekwisha kuweka mguu mlangoni, amenipa mkono anivute. Nikamshika mkono huo, nikamshusha chini.

"Napanda minye," nikamwambia. "Weye ngoja ya pili. Gari moja haitatuchukua wote wawili."